Jina la Tatu

Tulimzika mama Jumanne, na Alhamisi asubuhi mdogo wangu Misago akaja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Sebule yangu ina makochi matano, na yote nimeyanunua mwenyewe. Nyumba hii niliijenga kwa mshahara wangu wa ualimu: vigae sakafuni, madirisha ya vioo, na ukutani, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona, diploma yangu ndani ya fremu. Hapa Rumonge ukimwambia kijana wa baiskeli akupeleke kwa Madamu wa Diploma, hakuulizi mtaa. Sioni sababu ya kulificha hilo. Niliondoka katika mji huu nikiwa na kitenge kimoja kilicholowa, nikarudi nikiwa na karatasi yenye muhuri, na katikati hapo hakuna aliyenishika mkono. Lakini Misago ni fundi wa injini za boti, na siku zote husema nguo zake zina grisi, kwa hiyo hukaa kwenye plastiki. Alikunywa chai hadi nusu kikombe, akaangalia mlango, kisha akaniambia alichokuja kusema.

"Dada, Jumapili wanabatiza kule ufukweni. Nataka na mie niingie mu maji."

Nikamwambia ana zaidi ya miaka hamsini, hakuna wa kumzuia.

"Iko wa kunizuia," akasema. "Mama alinikataza miaka yote. Alisema nilikwisha kubatizwa nikiwa mutoto mudogo, na ni wewe ulinibatiza. Kama ni kweli, kama maneno uliyamaliza, siingii. Siwezi kumufanya mama kuwa muongo na udongo wake haujakauka. Kama hukuyamaliza, niko huru, nitafanya vile baba alitaka. Iko wewe tu unajua. Uliniambia zamani, mama akiwa hai. Niambie tena."

Badala ya kumjibu nilivyowajibu watu wote tangu nikiwa msichana, nilimwambia nina kichwa kizito kwa ajili ya msiba, arudi Jumamosi. Akamaliza chai yake, akaondoka. Nilibaki na siku mbili za kukumbuka mwaka mmoja, na mimi ambaye naweza kutaja majina ya wanafunzi wa darasa langu la kwanza kwa kufuata madawati yao, katika mwaka ule naona kila kitu isipokuwa kile kimoja ninachoulizwa.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa wa kwanza darasani, wavulana wote nyuma yangu. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa na meza moja na kuta za pande mbili. Upande wa mama kulikuwa na msumari wenye rozari, na juu yake picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda. Upande wa baba kulikuwa na ubao wenye Biblia iliyofungwa kwa nailoni ili mawese yasiifikie, maana baba alikamua mawese kule Kigwena na mikono yake ilikuwa ya rangi ya machungwa hata Jumapili. Mama alikuwa Mkatoliki tangu utoto. Baba alikuwa amehamia kanisa la wale wanaozamishwa ziwani wakiwa watu wazima, ambao majirani waliwaita watu wa maji mengi. Walipendana, nadhani. Ila kabla ya kula, chakula kilisaliwa mara mbili. Mama alifanya ishara ya msalaba haraka, akamaliza. Halafu baba alifumba macho na kuanza sala yake ndefu, akiwataja wagonjwa mmoja mmoja na vijiji vyao, huku samaki wa mukeke akipoa kwenye mchuzi na mafuta yake yakiganda pembeni mwa sahani. Tuliongea Kiswahili cha Rumonge lakini tulisali kwa Kirundi, na katika Kirundi ndimo tatizo lilimokaa. Wakatoliki wanamwita Roho Mtakatifu Mutima Mweranda. Waprotestanti wanamwita Mpwemu Yera. Data na Mwana, yaani Baba na Mwana, walikuwa wa nyumba nzima. Jina la tatu lilikuwa na upande. Mimi nilijua kuyatumia yote mawili. Mama akimaliza nilisema Mutima Mweranda, baba akimaliza nilisema Mpwemu Yera, na sikuwahi kukosea hata mara moja, jambo ambalo nilijisifia shuleni kama vile wengine walivyojisifia kuogelea.

Misago alizaliwa mwanzoni mwa mwaka ule. Kabla yake mama alikuwa amezaa msichana aliyeishi wiki tatu tu. Yule hakuwahi kubatizwa, na mtu aliyesimamia makaburi ya misheni akasema mtoto asiyebatizwa halali ndani ya ua. Akazikwa nje ya senyenge, upande wa mihogo. Kila tulipopita pale mama alibadilisha upande wa kubebea kikapu, ili kisimzuie kuangalia. Kwa hiyo Misago alipotoka salama, kabla hata kitovu hakijaanguka, mama alitaka maji kichwani mwake. Baba hakutaka. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vita vya nyumbani kwetu mwaka ule, kabla ya vita vingine kuja, na mimi nilizisikia hoja zote kupitia ukuta wa matete uliotenganisha vyumba viwili, nikiwa nimelala na kitabu cha sarufi ya Kifaransa kifuani.

"Mutoto wa wiki mbili utamuuliza unaamini?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba, ya chini, ya mtu anayejua watoto wanasikiliza. "Nani atajibu?"

"Mareni wake atajibu," mama akasema. Mareni ni mama wa ubatizo.

"Mareni atakula pia kwa ajili yake?"

"Mimi ndio nakula kwa ajili yake, Baba Konso. Nakula, na yeye ananenepa. Hujaona?"

Nilimsikia baba akigeuka kwenye mkeka.

"Maziwa si imani," akasema mwishowe.

"Na yule wa kwenye mihogo? Umusubirishe aamini?"

"Yule iko kwa Mungu. Mungu hakuweka senyenge."

"Senyenge naiona mie kila siku," mama akasema.

Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, nimesoma vitabu ambavyo watu wa mji huu hawajaviona hata majalada yake, na bado sijasikia mjadala kuhusu ubatizo wa watoto uliopita ule wa nyuma ya matete. Baba alisema, na nikaona amesema kweli: huwezi kumwapia mtu kiapo chake. Mama alijibu, na nikaona naye amesema kweli: mtoto hatuulizi kama anataka kunyonya, kuvishwa, kupewa jina, na hakuna anayeita hayo dhuluma. Nililala nikiwa upande wa yule aliyesema mwisho. Wanangu mimi mwenyewe nimewafanyia hivyo hivyo. Wa kwanza nilimbatiza akiwa na mwezi mmoja, wa pili nikamwacha hadi akafika miaka kumi na miwili, na mtu akiniuliza sababu namweleza kwa ufasaha sana, lakini sababu zenyewe zinatofautiana kulingana na anayeuliza.

Jirani yetu Mama Zuhura, ambaye ukoo wake ulitoka upande wa Ujiji zamani na mume wake alikuwa na boti ya moteri, alifuatilia jambo letu kutoka upande wa pili wa ua, akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Yeye na watu wake ni Waislamu.

"Mama Konso, huyo mutoto bado hana dini?"

"Bado."

"Sisi akizaliwa anaadhiniwa, siku ya saba ananyolewa, tunakula mbuzi, imekwisha. Nyinyi munangoja nini? Barua ya shefu wa mutaa?"

"Tunangoja baba yake."

"Baba yake alishamaliza kazi yake. Ingebaki kwake, huyo mutoto hangezaliwa."

Mama alicheka mpaka akaweka chungu chini. Ilikuwa mara chache mwaka ule kumsikia akicheka, na ndiyo maana nimeyashika maneno ya Mama Zuhura kuliko maneno ya watu wakubwa.

Tulikwenda misheni mara mbili. Mama alinichukua kwa sababu ya Kifaransa changu, ingawa padre alijua Kirundi vizuri. Nadhani alitaka padre aone kwamba nyumba yetu ina mtu aliyesoma. Nilisimama wima na kumweleza padre kwa Kifaransa kwamba mdogo wangu anahitaji ubatizo. Akatabasamu, akanijibu kwa Kirundi kwamba anahitaji saini ya baba. Baba alipoletewa ile karatasi aliisoma yote, polepole, kidole chake chenye mawese kikiacha alama chini ya kila mstari. "Niandike nini hapa?" akauliza. "Kwamba naamini kwa ajili ya mutu mwingine? Nitakuwa nimedanganya kwa maandishi." Akaikunja vizuri, hakuichana, akamrudishia mama. Pasaka ikapita. Watoto wa mtaa mzima walivaa nyeupe, na Misago akashinda mgongoni mwa mama kwenye kitenge cha kila siku.

Ni katika wiki zile ambapo mtawa aliyetufundisha katekisimu alifika kwenye somo la hatari ya kifo. Alisema kwamba mtu akiwa karibu kufa na padre hayupo, yeyote anaweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji kichwani na kuyasema maneno yote bila kuacha, akikusudia kile Kanisa linachokusudia. Aliuliza nani anayeweza kurudia. Mimi ndiye niliyerudia, bila kukosa. Jioni, mama akichambua maharage, nilimweleza kama nilivyowaeleza wote kila jambo nililojifunza. Aliacha kuchambua. Akaniambia nirudie. Nikarudia kwa Kirundi, nakubatiza kwa jina la hao watatu: *Ndakubatije mw'izina rya Data, na Mwana, na Mutima Mweranda.* Akaniambia tena. Tangu siku ile, kila baba alipokuwa Kigwena, mama alinisomesha maneno yale jikoni, moshi ukinikereketa kooni, yeye ambaye hakujua kusoma akinikosoa mimi.

"Usikimbize," alikuwa akisema. "Ukikimbiza jina la tatu linameza la pili. Ikitokea hatari ni wewe, Konso. Mie nitatetemeka."

Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama kile. Hata siku nilipoitwa mbele kupokea diploma, nikiwa wa pili katika chuo kizima (wa kwanza alikuwa mtoto wa mkuu wa chuo, na zaidi ya hapo sisemi), sikuhisi mgongo wangu umenyooka vile. Lakini ni lazima niseme pia kwamba Jumapili moja baada ya hapo baba alinipeleka ufukweni kuwaona watu wake wakizamishwa. Walisimama katika mashuka meupe, maji kiunoni, wakiimba, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakanung'unika kwamba kelele zile zinawafukuza ndagala hadi Kongo. Mzee mmoja, muuza chumvi ninayemkumbuka kwa masikio yake makubwa, aliulizwa kama anaamini, akajibu kwa sauti ya kupita kiasi, akazamishwa, akatoka akikohoa na kucheka kwa pamoja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa habari njema asiyojua bado amwambie nani. "Umeona?" baba akaniambia njiani. "Amesema mwenyewe. Hakuna atakayemwambia kesho kwamba hakusema. Misago naye atasema siku yake. Mimi nataka tu niwepo nimsikie." Nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba baba alikuwa sahihi, na kesho yake jikoni nikarudia maneno ya mama nikiwa na uhakika huo huo.

Kisha mambo yakaharibika. Warundi tunauita ule mwaka *ikiza*, balaa, na wengi hatuongezi neno jingine. Wako waliosoma wakaandika nani alianza na nani alifuata. Mimi nitaandika tu kile kilichoonekana kutoka mlangoni petu. Watu walikimbia upande wa sokoni, halafu watu wengine wakakimbia kutoka sokoni, na hakuna aliyekuwa akieleza. Shule ikafungwa. Siku moja mchana mwanamke tusiyemjua aliingia jikoni kwetu, akanywa maji, akatoka. Baba alikuwa Kigwena tangu juzi yake na hakurudi. Mama alikaanga mihogo kwa ajili yake, akaifunika sahani, na sahani ikabaki mezani kati ya rozari na Biblia mpaka mihogo ikawa migumu. Misago alikuwa na homa na tangu asubuhi hakutaka kunyonya.

Alfajiri ya siku iliyofuata Mama Zuhura alikuja upande wetu wa ua kwa mara ya kwanza bila kupiga hodi.

"Mume wangu anawasha moteri. Chukua watoto."

"Baba Konso hajafika," mama akasema.

"Akifika nitamwambia mumekwenda wapi. Twende."

Yeye mwenyewe alibaki, ili awepo wa kumwambia. Nimeandika mambo mengi katika maisha yangu, ripoti za shule na hotuba za mahafali, na sijapata namna ya kumshukuru mwanamke yule katika sentensi inayotosha.

Ndani ya boti tulikuwa wengi kiasi kwamba sikuweza kunyoosha mguu. Baba Zuhura alikaa nyuma kwenye moteri, kofia yake nyeupe imefungwa kwa kamba kidevuni. Alikwenda mbali na pwani, akiufuata mwambao kuelekea kusini, upande wa Tanzania. Jua lilikuwa limeshapanda tulipopita mbele ya Kigwena. Mama aliitazama ile michikichi ya mawese kwa muda wote ilipoonekana. Hakulia. Alimtazama Misago, kisha akanitazama mimi. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu, macho yake yamegeuka kidogo.

"Konso," akasema. "Sasa."

Hiki ndicho kipande ambacho nimekirudia kuliko chochote. Niliinama ubavuni mwa boti, nikachota maji kwa kiganja. Yalikuwa ya vuguvugu na yalinuka petroli. Nikamwagia Misago utosini, na nikasema *Ndakubatije*, hilo nalikumbuka, nikasema *mw'izina rya Data*, na neno Data lilipotoka nikamwona baba, mikono yake ya rangi ya machungwa, akinisubiri nimalize kwa namna yake. Nikasema *na Mwana*. Halafu wimbi likagonga boti kwa upande. Boti ikalala, watu wakapiga ukelele, maji yakatumwagikia sisi wote, na Misago akateleza kutoka mapajani mwa mama hadi sakafuni mwa boti, ndani ya maji yaliyojikusanya pale, akazama uso mzima. Baba Zuhura akasema "Bismillahi" kwa sauti kubwa na kuirudisha boti. Mama akamnyanyua mtoto. Misago alikohoa, akalia, kilio cha kwanza tangu usiku, na alipowekwa titini akanyonya.

Naisikia vizuri kabisa, hadi leo, ile Bismillahi ya Baba Zuhura. Naweza kukuonyesha ilivyopanda na kushuka. Lakini jina la tatu silisikii. Wakati mwingine nasikia Mutima Mweranda kwa sauti yangu mwenyewe, ila ni ile ya jikoni, ina moshi ndani yake. Wakati mwingine nasikia Mpwemu Yera, na hiyo ni ya mezani. Huenda nilisema moja. Huenda nilisema yote mawili, nisimkosee yeyote. Huenda nilifunga kinywa maji yasiingie, na mdogo wangu akabatizwa kwa majina mawili na nusu. Na tena, kama wanaosema ni lazima mtu azame wana haki, basi alizama, ila hakuna aliyemzamisha. Kama wanaosema maji ya kumwagiwa yanatosha wana haki, basi alimwagiwa, ila na mtu asiyejua alimalizaje. Mtoto mmoja, ubatizo wa aina zote mbili ndani ya dakika moja, na sijui kama hata mmoja ulikamilika.

Tulilala Kagunga, na siku iliyofuata tukafika Kigoma. Kwenye uwanja walikotukusanya kulikuwa na padre mzee aliyeandika watu kwenye daftari, meza yake chini ya turubai. Mama alimweka Misago mbele yake, mzima, ananyonya ngumi, na akasema kwa fahari ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba huyu amebatizwa ziwani.

"Na nani?" padre akauliza.

"Na huyu."

Padre aliniangalia. Mbali na mama, alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniangalia tangu tuondoke Rumonge. "Ulisema maneno yote, binti?"

"Ndiyo, Padre."

"Ulimpa jina gani?"

Jina sikuwa nimempa. Nikataja la kwanza lililonijia, la mmoja wa wafalme watatu waliosafiri kutoka mbali. "Gaspari," nikasema. Akaandika Gaspari, na ndilo lililo kwenye karatasi zote za mdogo wangu mpaka leo. Kisha akaniuliza nimesoma hadi wapi, akanijaribu Kifaransa na hesabu, na wiki hiyo hiyo nikatafutiwa nafasi shuleni. Kwa hiyo ukitaka kujua diploma iliyo ukutani kwangu ilianzia wapi, ilianzia kwenye lile "Ndiyo, Padre." Nimejijenga mwenyewe, na bado nasema hivyo, lakini jiwe la kwanza sijui kama lilikuwa kweli au uongo.

Baba hakuja. Mama Zuhura alituma salamu baada ya miaka kwamba alikaa, akasubiri, na hakupata wa kumwambia. Mama hakuolewa tena wala hakuvaa nguo za mjane, na kitu kimoja kilichomlaza usingizi kilikuwa kwamba Misago, Mungu akimwita, atazikwa ndani ya ua. Misago alipofika miaka kumi na minane alitaka kuzamishwa kama baba yake. Mama akamwambia, "Muulize dada yako." Aliniuliza. Nikamwambia nilimaliza maneno yote, na nikayasoma mbele yake bila kukosa. Tangu hapo hakwenda kanisa la mama wala la watu wa baba. Alisimama nje penye mlango, akiwangoja wengine watoke.

Jumamosi alikuja saa kumi, kama nilivyomwambia.

"Kaa kwenye kochi."

"Iko grisi, Dada." Akavuta kiti cha plastiki.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Mimi nikieleza jambo huwa naanza na historia yake. Lakini nilimwona anavyoniangalia, na nikasema tu, "Sijui, Misago."

"Hujui nini?"

Nikamweleza kuhusu wimbi, na Bismillahi, na jina la tatu.

"Lakini padre ulimwambia ndiyo."

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtu alikuwa ananiuliza kitu ninachokijua."

"Na mie uliponiambia? Nilikuwa na kumi na nane. Wewe ulikuwa mukubwa."

"Wakati huo nilikuwa na diploma," nikasema.

Alicheka kidogo, kupitia pua, kisha akaacha. Alikaa akizungusha kikombe kwenye kisahani. Nilitaka anikasirikie, nijue la kujibu.

"Mama alijua?"

"Alikuwa amekushika. Sikio lake lilikuwa hapa." Nikamwonyesha. "Kama kuna aliyesikia, ni yeye, na hakuniuliza hata mara moja. Kwa padre alinitaja tu."

"Basi alisikia," akasema. Kisha akaongeza, "Ao aliogopa kuuliza."

"Au hivyo."

"Mie nilitaka ndiyo ao hapana, Dada. Sijui siyo jibu."

"Ningekuwa nalo lingine ningekupa."

Akainuka, akaweka kikombe kwenye trei mwenyewe. Mlangoni akasimama. "Basi hakuna wa kunijibia," akasema. Sikuelewa alisema kwa uchungu au kwa nafuu, na sikumuuliza.

Jumapili nilikwenda ufukweni. Nilivaa vizuri, maana watu wananijua, nikasimama karibu na maji kuliko wengine. Walikuwa kumi hivi katika mashuka meupe, wengi vijana, na Misago wa mwisho, tumbo lake limeinua shuka mbele. Mpaka alipoingia sikuamini kwamba ataingia. Mchungaji, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwuliza kwa sauti kama anaamini. Misago hakujibu. Alitazama maji mbele yake, akatazama upande wa kusini, na muda ukapita mpaka watu wakaanza kukohoa na mwimbishaji akaanza wimbo kwa chini kisha akauacha. Nilijua jibu linalotakiwa. Nililijua kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na lilikuwa kwenye ulimi wangu kama siku zote mwanafunzi anapochelewa. Nikafunga kinywa, nikauma midomo.

Halafu nikaona midomo yake ikisogea. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, ukipeleka sauti zote upande wa Kongo, na sikusikia alisema nini, wala alitumia jina lipi. Mchungaji alisikia, akakubali kwa kichwa. Akainua mkono amzibe pua. Misago akautoa ule mkono taratibu, akaziba pua yake mwenyewe, akashuka.